Kivuli Ndicho Kipimo: Kuchagua Monita ya Kuhariria Picha na Video

Fungua programu yoyote ya kuhariri picha, tengeneza ukurasa mweusi tii, kisha chora juu yake miraba kumi midogo ya kijivu. Wa kwanza upe namba 5 kwenye nyekundu, kijani na buluu. Wa pili 10. Wa tatu 15. Endelea hivyo hadi 50. Funga pazia, zima taa, kaa wima mbele ya kioo, uhesabu miraba unayoiona. Monita iliyo sawa itakuonyesha mraba wenye namba 10 kwa mbali, na kuanzia 15 kila mmoja utajitenga na jirani yake. Monita nyingi nilizojaribu kwenye studio za mtaani hapa Dar es Salaam hazionyeshi kitu mpaka ufike 25 au 30. Chini ya hapo pote ni ukuta mmoja mweusi.

Ukuta huo ndio unaomeza nyuso zetu. Mpige picha mtu mweusi ukumbini, taa ikimjia kutoka upande mmoja: shavu la upande wa pili, kona ya jicho, mwanzo wa nywele na kola ya suti nyeusi, vyote vinaangukia kwenye namba hizo za chini. Mhariri asiyeweza kutofautisha 12 na 24 hana namna ya kuamua lolote kuhusu shavu lile. Akibahatisha kwa kuinua vivuli, ngozi inapauka kama imepakwa majivu. Akiviacha, uso wote unazama. Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue monita gani, sianzi na ukubwa wala 4K. Naanza na giza.

Jambo hili lina historia ndefu. Enzi za filamu, maabara za picha zilisawazisha mashine zao kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa sawa, na watu weusi waliokuwemo kwenye picha hiyohiyo walitoka watokavyo. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Leo kamera haina kisingizio hicho. Kihisi cha kawaida cha kamera kinaweka kwenye faili ghafi vivuli vingi kuliko tunavyovitumia. Tunavipoteza wenyewe mezani, mbele ya kioo tunachokiamini.

Nilijifunza hili kwa albamu ya harusi. Kulikuwa na picha moja niliyoipenda kuliko zote: bibi wa bi harusi amekaa mstari wa mbele, kilemba cha zambarau iliyokoza, mkono mmoja umeshika ncha ya ushungi, macho yameinama. Kwenye kioo changu kila kunyanzi lilionekana. Albamu ilipotoka maabara, kilemba, uso na pazia la nyuma vilikuwa kitu kimoja. Nikarudi pale nimekasirika, nimejiandaa kudai pesa yangu. Fundi wa mashine akalifungua faili langu kwenye kioo chake bila kusema neno. Lilikuwa giza vilevile. Kisha akaniuliza, "Kaka, mwangaza wa kioo chako umeuweka ngapi?" Ulikuwa 100 kwa 100, kama ulivyotoka kwenye boksi.

Mwangaza wa monita hupimwa kwa niti, yaani kandela kwa kila mita ya mraba. Monita nyingi za mezani zina uwezo wa niti 250 hadi 350, na huwashwa kwa mara ya kwanza zikiwa karibu na kilele, maana dukani inayong'aa ndiyo inayouzika. Karatasi haina taa ndani yake, inarudisha tu mwanga wa chumba. Ukihariri mbele ya niti 300, jicho linaona picha inang'aa mno, mkono unaishusha, na faili linaondoka likiwa giza. Kazi ya kuchapishwa huhaririwa kati ya niti 80 na 120, na video ya kawaida ya televisheni ina kiwango chake cha marejeo, niti 100. Marekebisho haya ni ya kitufe tu, hayana gharama, na yameokoa kazi nyingi kuliko monita yoyote mpya. Fanya hivyo leo kabla hujafikiria kununua.

Baada ya mwangaza linakuja swali ambalo wanunuzi wengi huliruka: kazi yako inaishia wapi? Mpiga picha za harusi ambaye wateja wake wanaona kila kitu kwenye simu hana haja sawa na anayechapisha vitabu vya picha, wala na anayepeleka filamu kwenye sinema. Kila mwisho una kiwango chake cha rangi. Kile kinachoitwa sRGB kilipendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996 na kuthibitishwa kimataifa mwaka 1999, na mpaka leo ndiyo lugha ya mtandao: picha ya WhatsApp, tangazo la Instagram, tovuti. Rec. 709, kiwango cha televisheni ya HD ambacho pia hubeba video nyingi za YouTube, kinatumia nyekundu, kijani na buluu zilezile za sRGB. Adobe RGB ya mwaka 1998 inapanuka zaidi upande wa kijani na samawati, kwa ajili ya wino wa mashine za kuchapa. P3 ilitoka kwenye sinema za kidijitali, ikaingia mifukoni mwa watu Apple walipoiweka kwenye iPhone 7 mwaka 2016. Rec. 2020 ni pana kuliko hizo zote, na monita za mezani za kawaida haziifikii yote.

Nchi yetu ina rangi zinazouonyesha mpaka huo waziwazi. Maji ya kina kifupi kule Paje, Unguja, saa nne asubuhi jua likiwa kali, mara nyingi huvuka ukingo wa sRGB upande wa kijani-samawati. Kwenye monita ya sRGB yanaonekana mazuri, lakini mawimbi madogo yaliyo ndani ya rangi ile yanajibana kuwa bapa. Nyekundu ya kanga ni kesi nyingine. Ikipigwa na jua inagonga dari la sRGB, na nyuzi za kitambaa pamoja na kingo za maandishi ya jina zinapotea kwenye pande moja la rangi. Hapo Adobe RGB haikusaidii, kwa kuwa nyekundu yake ni ileile ya sRGB. Ni P3 ndiyo inayokupa nafasi. Anayepiga picha za hoteli za Unguja ili zichapishwe ana sababu ya kweli ya kulipia Adobe RGB. Anayetengeneza video za wasanii ana sababu zaidi ya P3.

Lakini upana una mtego wake, na mtego huu umewanasa watu ninaowaheshimu kazini. Monita pana ikiunganishwa na kompyuta ambayo haijaambiwa upana wake, programu zisizosimamia rangi huitupia namba za sRGB nayo inazinyoosha mpaka mwisho wa uwezo wake. Ngozi ya kahawia inakuwa nyekundu kama imeungua jua. Mhariri anaona wekundu mwingi, anaupunguza, anahifadhi, na mteja kwenye simu yake anaona watu wamepauka kama wagonjwa. Ukinunua monita pana, hakikisha menyu yake ina hali ya sRGB inayofanya kazi sawasawa, na uiwashe kila unapofanya kazi ya mtandaoni. Kama haina, afadhali monita ya bei ndogo inayofunika sRGB kamili na kuishia hapo.

Uwe makini pia na asilimia za kwenye boksi. Kompyuta mpakato nyingi za bei nafuu zina kioo cha "45% NTSC", kipimo kinachotokana na televisheni ya Marekani ya mwaka 1953, na maana yake ni karibu theluthi mbili tu ya sRGB. "72% NTSC" ndiyo inayokaribia sRGB kamili kwa ukubwa wa eneo, japo hata hapo haimaanishi rangi zinalingana. Mtu anayehariri kwenye kioo cha asilimia 45 haoni nyekundu na kijani zilivyo kwenye faili lake, na hakuna mpangilio wa programu utakaompa rangi ambazo kioo hakina. Huyo ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya monita ya pembeni, hata ya mtumba.

Turudi kwenye giza, maana hapa ndipo aina ya paneli inapoamua mambo. Paneli za TN ni za kuepuka kabisa: inama kidogo utazame kutoka chini na rangi zinageuka kama negativu. VA zina mvuto wa kweli, kwa kuwa weupe wake unaweza kuuzidi weusi mara 3,000 au zaidi, na usiku filamu inapendeza. Tatizo lake huonekana ukitazama uso mweusi. Ukikaa katikati, vivuli vya chini kabisa vinazama; ukisogeza kichwa pembeni, vinaibuka. Shavu lilelile linakuwa na sura mbili kulingana na ulivyokaa kitini, na hakuna uamuzi utakaoufanya juu yake ukaaminika. IPS ina weusi dhaifu zaidi, kwa kawaida mara 1,000, na kwenye chumba chenye giza utaona weusi wake ni kama mkaa uliofifia na pembe zinatoa mng'ao. Hata hivyo kivuli chake hakibadiliki ukisogea, nami nachagua uthabiti huo mbele ya weusi mzito. Tangu mwaka 2022 zipo pia IPS zenye weusi ulioboreshwa, takriban mara 2,000, zilizoanza na monita za Dell UltraSharp, na kwa aliye na uwezo hizo ni jawabu zuri.

OLED ni habari nyingine. Kila pikseli inajiwashia taa yake na kujizima yenyewe, kwa hiyo nyeusi ni nyeusi kweli. Nimekaa mbele ya moja nikaona kitambaa cha suti kilichokuwa kimenifichia mistari yake kwa miaka. Ila programu za kuhariri zina menyu na mistari isiyohama kutwa nzima, na OLED huchakaa pale panapowaka muda mrefu, ikaacha alama. Nyingi pia hupunguza mwangaza zenyewe kioo kinapojaa weupe, jambo linalomsumbua anayehariri shela la bi harusi. Ni kioo kizuri cha kukagulia kazi iliyokwisha. Kama ndicho kioo pekee cha kazi ya saa kumi kwa siku, ningesita. Zile zenye taa ndogondogo nyingi nyuma, mini-LED, hutengeneza ukungu kuzunguka maandishi meupe yaliyo juu ya nyeusi. Kwa kazi ya kawaida zima ule mfumo wa kuzima na kuwasha taa kwa maeneo.

Kuna kosa moja la giza ambalo si la paneli, nalo ni la kawaida mno kwa wanaotumia waya wa HDMI. Televisheni hupokea video ambayo nyeusi yake ni 16 na nyeupe ni 235, ilhali kompyuta huhesabu kutoka 0 hadi 255. Mara nyingine kompyuta hudhani monita ni televisheni, au monita hujidhania hivyo. Kompyuta ikituma 0 hadi 255 na monita ikasubiri 16 hadi 235, kila kilicho chini ya 16 kinafutika, na miraba yetu mitatu ya kwanza inatoweka mara moja. Ikiwa kinyume chake, nyeusi yote inakuwa kijivu. Tafuta mpangilio wa masafa ya rangi kwenye kadi ya picha na kwenye menyu ya monita, uvilinganishe vyote viwe kamili. Nimeona monita ikitangazwa mbovu na kutaka kuuzwa kwa hasara kwa sababu ya mpangilio huu.

Kuhusu biti, ukweli ni mfupi kuliko matangazo. Biti 8 hutoa ngazi 256 kwa kila rangi, jumla rangi milioni 16.7, biti 10 hutoa ngazi 1,024 na rangi zaidi ya bilioni moja. Tofauti utaiona kwenye anga la alfajiri pale Coco Beach, ambapo buluu inapanda taratibu kuwa chungwa: biti zikiwa chache anga linakatika mistarimistari kama ngazi. Lakini mistari hiyo mara nyingi imo kwenye faili lenyewe, hasa video ya biti 8 iliyobanwa na kamera. Monita haiwezi kuunganisha kilichokatwa tangu kamerani. Monita nyingi zinazouzwa kama za biti 10 ni za biti 8 zinazopepesa ngazi mbili kwa kasi kupata ya katikati. Zinafaa. Za biti 6 zinazojifanya 8 ziwe chaguo la mwisho.

HDR, yaani picha yenye masafa mapana zaidi kati ya giza na mwanga, sitaikalia sana. Alama ya DisplayHDR 400 inayobandikwa kwenye monita za bei ya kati haihitaji hata mfumo wa kuzima taa kwa maeneo, kwa hiyo haikusogezi popote kwenye kazi ya HDR. HDR ya kweli ya kuhariria inaanza kwenye niti 1,000 na bei ambazo zinahitaji mteja aliyekwisha kusaini mkataba.

Ukubwa na wingi wa pikseli ni rahisi kupima kwa jicho. Inchi 24 zenye 1920 kwa 1080 ni pikseli 92 kwa inchi. Inchi 27 zenye 2560 kwa 1440 ni 109, na inchi 27 za 4K ni 163. Ya katikati ndiyo ninayoipendekeza kwa wengi: nafasi inatosha kuweka picha na menyu zake, maandishi yanasomeka, na kompyuta haielemewi. Monita ya 4K ni raha ya kweli kwa kukagua ukali wa picha, lakini angalia kwanza waya na tundu. HDMI ya toleo la 1.4 huibeba 4K kwa picha 30 tu kwa sekunde, na mshale wa kipanya unajikokota mpaka unachoka. Unahitaji HDMI 2.0 au DisplayPort 1.2 kuendelea. Kasi ya hezi 144 ni ya wacheza gemu. Hezi 60 zinatosha kabisa, na pesa iliyobaki ina mahali pazuri zaidi pa kwenda.

Mahali hapo ni kipima rangi. Ni kifaa kidogo kama kipanya cha kompyuta, chenye jicho la kioo upande wa chini na uzito kwenye waya wake ili kining'inie juu ya skrini. Washa monita nusu saa ipate joto. Chagua lengo: nyeupe ya D65, ambayo ni kama Kelvini 6,500; gama, yaani mwinuko wa ngazi kutoka giza hadi mwanga, 2.2; na niti 100 au 120. Laza kifaa katikati ya kioo, inamisha monita nyuma kidogo kisiinuke. Kuanzia hapo programu inawasha kiraka kimoja baada ya kingine, kijivu, nyekundu, kijani, kijivu tena, na kifaa kinasoma kila kimoja. Baadaye kompyuta inaandika faili la wasifu linaloeleza kioo chako kinakosea wapi. Zoezi huchukua muda wa kunywa chai. Mara ya kwanza nilipoona matokeo, nyeupe niliyoizoea kwa miaka miwili ilikuwa na ubuluu wa wazi, na nyeupe sahihi ilionekana ya manjano kwa dakika kumi hivi mpaka jicho lilipotulia. Kisha nikalifungua faili la bibi yule, nikainua kivuli kwa kipimo kidogo kuliko nilivyodhani, nikachapisha ukurasa mmoja. Ncha ya ushungi ilionekana kati ya vidole.

Vifaa vinavyopatikana kwa urahisi ni vya Calibrite, waliochukua bidhaa za picha za X-Rite mwaka 2021, na vya Datacolor vinavyoitwa Spyder. ArgyllCMS, kazi ya Graeme Gill, ni programu ya bure inayoendesha vifaa vingi vya aina hiyo, na DisplayCAL huirahisishia sura. Studio moja ndogo inaweza kuona bei ya kipima rangi ni kubwa. Studio tano za mtaa mmoja zikichangishana, kifaa kimoja kinazihudumia zote, kwa kuwa kila moja inakihitaji mara moja kwa mwezi tu. Karatasi ya kiwandani inayosema monita imepimwa na makosa yake ya rangi yako chini ya 2 ni mwanzo mzuri, lakini taa za nyuma huzeeka na karatasi haizeeki nazo. Monita za Eizo ColorEdge na BenQ za mfululizo wa SW huenda hatua moja mbele: zinahifadhi marekebisho ndani yao wenyewe. Faida yake ni kubwa kwa watu wa video, kwa sababu programu za video si zote zinazosoma wasifu wa kompyuta.

Chumba nacho ni sehemu ya monita. Kwetu karibu na ikweta jua ni kali na giza huingia upesi. Aliyeanza kazi saa kumi jioni dirisha likiwa wazi, ifikapo saa moja usiku anahariri katika dunia nyingine, na picha zake za mwanzo na za mwisho hazifanani. Pazia zito ni lazima. Balbu iwe nyeupe ya kati ya Kelvini 5,000 na 6,500, yenye alama ya uaminifu wa rangi ya 90 au zaidi, na iwe nyuma au pembeni, isimulike kioo. Kuta za kijani au waridi, ambazo fremu nyingi za biashara zinazo, hupaka kila picha rangi yake. Kijivu au nyeupe iliyofifia ni bora. Kofia ya kioo tengeneza kwa boksi na kitambaa cheusi. Hata shati jekundu la mhariri huonekana kwenye kioo, na nina rafiki ambaye ana fulana ya kijivu iliyoning'inizwa kwenye kiti kwa kazi hiyo tu. Umeme ukiwa wa kukatika na kurudi kwa nguvu, UPS iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Wengi wetu tutanunua mtumba, na sioni aibu wala hatari kubwa mtu akijua anachokitafuta. Kariakoo, kama ilivyo Luthuli Avenue jijini Nairobi, kuna monita zilizotoka maofisini, na miongoni mwake zimo zilizokuwa bora wakati wake. Dell U2412M, ya mwaka 2011, ni IPS ya inchi 24 yenye 1920 kwa 1200, na hiyo nafasi ya ziada kwa urefu ni baraka kwa anayepanga klipu chini ya picha. Soma tarehe ya kutengenezwa kwenye stika ya nyuma. Za zamani sana hutumia mirija badala ya LED. Mirija hiyo hufifia na kugeuka manjano kadiri saa zinavyopita, na kipima rangi hakiwezi kurudisha mwanga uliokwisha.

Nenda na flashi yenye mafaili manne: ule ukurasa mweusi wenye miraba, ukurasa wa kijivu cha 128, ukurasa mweupe, na picha ya uso mweusi unaoufahamu vizuri, wa mtu wa nyumbani kama ipo. Omba monita iwake robo saa kwanza. Kwenye kijivu tafuta upande mmoja wenye waridi na mwingine wenye kijani, maana kasoro hiyo haitengenezeki. Kwenye nyeupe tafuta pikseli zilizokufa na pembe zilizofifia. Inama utazame kutoka chini. Kisha fungua ule uso, uusogeze kutoka kona moja ya kioo hadi nyingine, uangalie kama ngozi inabadilika njiani. Muuzaji asiyekuruhusu kufanya haya, mshukuru uende duka la pili.

Wanaotengeneza filamu wana tatizo la ziada, kwamba monita ya kompyuta huonyesha video baada ya mfumo wa uendeshaji kuigusa. Watumiaji wa Mac wanalijua: klipu waliyoisahihisha ndani ya DaVinci Resolve inapauka ikifunguliwa kwenye QuickTime, na monita inalaumiwa bure. Njia safi ni kutoa ishara kupitia kifaa cha nje kama DeckLink au UltraStudio za Blackmagic, kwenda kwenye monita ya pili iliyosawazishwa kwa Rec. 709 na gama 2.4. Zile za marejeo za viwandani, kama Sony BVM-HX310, bei yake ni makumi ya maelfu ya dola, nazo si za kununuliwa na mtu mmoja. Aliye na filamu ya kuonyeshwa kwenye tamasha, tuseme lile la ZIFF pale Unguja, na anataka nakala ya sinema, akodi chumba chenye projekta kwa siku moja. Nyeupe ya sinema ni niti 48 tu, nusu ya ile aliyozoea mezani, na vivuli alivyoviona vizuri nyumbani vitamshangaza.

Kwa mwenye pesa kidogo basi, ningesema IPS ya mtumba ya inchi 24 na mchango wa kipima rangi pamoja na wenzake. Mwenye bajeti ya kati achukue IPS mpya ya inchi 27 yenye sRGB kamili na P3 ya zaidi ya asilimia 90, na hali ya sRGB kwenye menyu. Mfululizo wa ASUS ProArt na wa Dell UltraSharp una za aina hiyo. Monita ya Apple iitwayo Studio Display, iliyotoka mwaka 2022 kwa dola 1,599, ni nzuri sana kwa wenye Mac, ila kwa pesa hiyo mtu anapata BenQ ya SW yenye Adobe RGB, kipima rangi chake na UPS, na mimi ningekwenda huko.

Na kazi ikiisha haijaisha. Nina simu mbili za zamani mezani, moja ya Tecno na moja ya Samsung, mwangaza wa kila moja uko katikati. Kabla ya kumtumia mteja, najitumia klipu ya sekunde 30 kwa WhatsApp, natoka nazo mpaka barazani, naitazama kwenye jua la mchana. Naangalia shavu la upande wa kivuli. Likionekana pale, natuma.